Namba ya Chaki kwenye Pikapu ya Mama Chupa

Wasikilizaji wapendwa, ni saa saba na dakika tano mchana. Kama uko mezani, endelea kula. Kama uko barabarani, punguza mwendo kidogo. Leo nina habari ya mtu mmoja na gari moja, na naomba uisikilize mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wake unatuhusu sisi sote tuliokuwepo.

Alhamisi iliyopita, asubuhi, katika wodi ya wanawake ya kituo chetu cha afya, alifariki Mama Chupa. Alikuwa na miaka sitini na minane. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio: Mama Chupa, yule wa pikapu ya kijivu iliyobeba mashuka ya kituo cha afya, amefariki. Tulimzika Jumamosi.

Shuka alilolalia siku ya mwisho lilikuwa safi, limepigwa pasi, kona zimekunjwa. Lilikuwa limefika wodini Jumatano jioni. Lililetwa na pikapu ile ile.

Kwa miaka ishirini na minne pikapu ile ilitembea kwa petroli iliyochanganywa na ethanoli. Sisi hapa tunaiita spiriti. Ile inayotengenezwa kiwandani kutokana na makapi ya sukari, nyeupe kama maji, yenye harufu ya kupanda kichwani. Miaka ishirini na minne. Kuna ndoa nyingi hapa mjini hazijafika huko.

Tuanze mwanzo.

Wenye umri wangu mnaukumbuka mwaka ule petroli ilipoadimika. Magari yalipangwa foleni kutoka kituo cha mafuta mpaka kwenye geti la shule, na watu walilala humo ndani. Kiwanda cha sukari kilikuwa na mapipa ya spiriti na hakijui pa kuyapeleka, kikawaruhusu wafanyakazi wake wachukue, wachanganye wenyewe. Mume wa Mama Chupa alikuwa mwangalizi wa mtambo wa spiriti pale kiwandani. Nimekaa naye juzi, kwenye baraza lao, kiti chake na kiti cha marehemu vimewekwa bega kwa bega kama vilivyokuwa siku zote. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Mimi ndiye niliyeharibu kwanza," akasema. "Nilileta dumu la lita ishirini, nikamimina kwenye tangi la pikapu kwa macho tu. Nikamwambia mama watoto, haya, nenda. Akaenda. Akafika darajani. Pikapu ikakohoa mara tatu ikanyamaza, na mashuka arobaini ya wagonjwa yako nyuma."

Mama Chupa alikuwa na kazi hiyo tangu zamani. Kuchukua mashuka machafu kituo cha afya asubuhi, kuyapeleka nyumba ya kufulia, kuyarudisha jioni. Kila siku isipokuwa Jumapili. Siku ile aliyarudisha kwa miguu. Alikwenda na kurudi mara tano, furushi kichwani, na watu wakimsalimia kwa sauti ya msiba.

Kesho yake fundi wa jirani akaja, akafungua, akatoa chujio la mafuta. Lilikuwa limejaa tope la kahawia. Akalinyanyua watu walione. "Unaona, shemeji? Hii spiriti yako ni uchafu mtupu. Umeua gari."

Watu wakatikisa vichwa. Mume mtu akaona haya, akaingia ndani.

Mama Chupa hakubisha. Alichukua dumu lililobaki na spiriti kidogo, akamimina kwenye glasi, akaiinua juani. Ilikuwa nyeupe. Haina hata punje. Akaitazama glasi, akalitazama chujio. Kisha akaingia chini ya gari, akafungua tangi mwenyewe, akachungulia ndani kwa kioo cha kujitazamia.

Mumewe anasema alitoka huko chini na uso mweusi kwa vumbi, anacheka peke yake.

"Baba watoto, njoo uone. Humu ndani kuna kutu ya miaka kumi na miwili. Petroli ilikuwa inapita juu yake tu, haiigusi. Spiriti imeibandua. Mafuta hayakuleta uchafu. Yameukuta."

Wasikilizaji wapendwa, shikeni neno hilo. Mafuta hayakuleta uchafu, yameukuta. Tutalirudia.

Alilishusha tangi. Akatia changarawe na maji ya moto, akalitikisa na mumewe mchana kutwa kama watu wanaopepeta, mpaka maji yakatoka meupe. Akalianika siku tatu, mdomo chini, lisibaki hata tone. Mipira ya mafuta ilikuwa imelegea kama mkate uliolowa, akaibadilisha yote. Kwenye kabureta kuna tundu dogo linalopitisha mafuta. Alilipanua kwa unywele mmoja tu, kwa sababu spiriti huhitaji kuingia kwa wingi kidogo kuliko petroli. Hakuna aliyemfundisha. Aliharibu matundu mawili, la tatu likakubali.

Baada ya hapo pikapu ikawaka. Ikatembea. Haikusimama tena darajani wala popote.

Sasa, jina la Mama Chupa lilitoka wapi?

Lilitoka kwenye kipimo. Mumewe alikuwa akichanganya kwa macho, na mama hakutaka tena kitu cha macho. Alitaka kujua kila lita mia za mafuta yake zina lita ngapi za spiriti. Ndani ya kabati kulikuwa na chupa ya kioo ya kunyonyea, ya binti yao wa mwisho, yenye mistari na namba ubavuni. Binti alikuwa na miaka minne, hana shida nayo tena. Au tuseme wazazi waliamua hana.

"Nililia," binti aliniambia, akicheka na kupangusa macho kwa wakati mmoja. "Nilikuwa bado naitaka ile chupa. Mama akaniambia, mwanangu, wewe una meno, pikapu haina."

Kipimo chenyewe ni hiki. Unatia maji mpaka mstari wa hamsini. Juu yake unatia mafuta mpaka mstari wa mia na hamsini. Kwa hiyo mafuta ni mia. Unafunga, unatikisa, unasubiri. Spiriti ina kiu ya maji. Inaiacha petroli inashuka kwa maji. Ukitazama, maji yaliyokuwa hamsini sasa yamepanda. Yakifika sitini, mafuta yako yana spiriti kumi kwa mia. Yakifika sabini, ni ishirini kwa mia. Basi. Hakuna uchawi, hakuna chuo. Chupa ya mtoto na subira ya dakika tano.

Pikapu ya mama ilitembea na ishirini kwa mia. Kila Jumatatu alipima, akaandika namba kwa chaki kwenye mlango wa nyuma wa pikapu: 20. Hiyo tu. Wasiojua walidhani ni bei ya kitu.

Mnajua mji huu ulivyo kwa kutania. "Mama yule ananyonyesha pikapu." "Mama, mtoto amecheua leo?" Fundi wa jirani alikuwa akimwona anapita, anauliza kama gari limeshaota meno. Naye alikuwa akipunguza mwendo, anatoa kichwa dirishani, anajibu: "La kwangu linanyonya, linatembea. La kwako linakula nyama, liko juu ya mawe."

Na hakuwa mtu wa kuipamba spiriti. Ukimuuliza alikwambia. Gari linakunywa zaidi kidogo. Asubuhi ya baridi linataka kubembelezwa. Ukiacha dumu wazi spiriti inavuta maji hewani, kwa hiyo funga. Alikuwa akisema mambo mabaya ya kitu anachokipenda bila kupunguza sauti. Sifa hiyo ni adimu. Mimi binafsi nimewasikiliza wakubwa wengi mbele ya kipaza sauti hiki, na sijaikuta.

Sasa tufike kwenye mwaka ninaoutaka. Miaka tisa iliyopita.

Mwaka huo kituo cha mafuta cha hapa mjini, tulichokuwa nacho kimoja, kilianza kuuza petroli iliyokwisha kuchanganywa. Kibao kikawekwa: spiriti kumi kwa mia. Watu wakanunua. Miezi miwili ikapita kwa amani. Zikaja mvua. Magari yakaanza kuzimika. Leo mawili, kesho matano. Dereva mmoja wa teksi, tuliyemwita Breki kwa sababu hakuwahi kuzitumia, alizimikiwa mara mbili kwa wiki moja, mara ya pili na bibi harusi yumo ndani.

Watu wakaanza kumsema msimamizi wa kituo. Msimamizi akahitaji mtu wa kusemwa badala yake.

Likatoka tangazo. Nalikumbuka neno kwa neno, na nina sababu ya kulikumbuka. Lilisema: "Wananchi wanatahadharishwa kwamba magari yanayozimika mjini yanaharibiwa na mafuta yanayochanganywa majumbani na watu wasio na utaalamu. Epukeni mafuta hayo. Epukeni na magari yanayoyatumia."

Hapa mjini aliyekuwa bado anachanganya mafuta nyumbani alikuwa mmoja. Kila mtu alimjua. Hata mtoto wa chekechea angekuonyesha nyumba.

Tangazo lile lilisomwa na redio hii. Lilisomwa mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Mara kumi na tano. Na sauti iliyolisoma ni hii mnayoisikia sasa.

Naam. Ni mimi. Niliwekewa karatasi mezani, nikaisoma kwa matamshi mazuri.

Siku ya tatu ya tangazo, kituo cha afya kilimwandikia Mama Chupa barua ya mistari minne. Kwa sababu za usalama, mashuka yatabebwa na mtu mwingine. Miaka kumi na mitano alikuwa ameyabeba kwa spiriti, hakuna shuka lililochelewa tangu siku ile ya daraja. Mistari minne. Aliyeitia sahihi nilimwona Jumamosi kwenye mazishi, amesimama mstari wa mbele, miwani nyeusi, kichwa kinakubali kila sifa iliyosomwa. Sitamtaja. Si kwa heshima yake. Ni kwa heshima ya marehemu, ambaye hakupenda kelele.

Binti alikuwa na miaka kumi na tisa wakati ule. Anasema mama aliisoma barua akiwa amesimama, akaiweka chini ya sahani, akala. Alipomaliza akasema: "Wamesema mafuta yangu yanaua magari. Sawa. Twende tukapime ya kwao."

Jumatatu saa mbili asubuhi akaenda kituo cha mafuta na chupa yake imefungwa kwenye kitambaa. Akanunua mafuta kidogo kwenye kopo, akasogea mbali, pembeni ya ukuta, akamwambia mtu aliyekuwa na sigara arudi nyuma hatua ishirini. Akapima. Akaandika kwa chaki kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, chini ya namba yake: "Kituoni, Jumatatu: 10."

Kumi kwa mia. Kama kibao kilivyosema.

Breki alikuwa pale, na wenzake. Hawakupenda.

"Mama, sasa unawasaidia hawa?" Breki akauliza. "Sisi tunataka uandike spiriti ni sumu, tuipeleke kwa wakubwa."

"Si sumu. Ni kumi."

"Gari langu limekufa, mama yangu. Andika hata thelathini."

"Mwanangu, nikikuandikia thelathini leo, kesho nikiandika kweli nani ataniamini?"

Wakamwona msaliti. Msimamizi naye akajua amepata wa kumsifia, akamletea soda. Hakuinywa. Akaenda zake. Binti anasema usiku ule walibishana. "Nilimwambia, mama, chagua upande basi. Madereva wanakukasirikia, kituo cha mafuta kimekusingizia, kazi huna. Akaniambia, mimi sina upande, mimi nina chupa."

Jumanne akapima: 10. Akaandika.

Jumatano ikanyesha. Mnaikumbuka mvua ile, ilikata barabara ya sokoni.

Alhamisi asubuhi akaenda tena. Akamimina mafuta ya kituo kwenye chupa tupu kwanza, kabla ya kutia maji. Akasimama. Akaiinua juu. Ndani ya chupa tayari kulikuwa na mstari. Mafuta yalikuwa yamegawanyika mawili yenyewe, juu njano, chini nyeupe. Hajatia hata tone la maji.

Sasa hapo ndipo ilipokuwa siri yote, na aliyeiona ni mwanamke mmoja mwenye chupa ya mtoto. Tangi la kituo lipo chini ya ardhi. Mvua ilikuwa inaingia. Spiriti, mnakumbuka, ina kiu. Maji yakiwa kidogo inayameza na hakuna anayejua. Yakizidi, inashuka nayo chini, na bomba la pampu linanyonya kutoka chini. Kwa hiyo siku za jua ulikuwa unauziwa mafuta. Siku ya pili ya mvua ulikuwa unauziwa maji yenye spiriti, kwa bei ile ile, na risiti unapewa.

Alimfuata msimamizi ofisini. Mhudumu mmoja wa pampu alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia.

"Baba, tangi lako linavuja. Maji yanaingia. Mafuta yako hayana kosa. Hayakuleta maji, yameyakuta. Lifungue uangalie mfuniko."

Msimamizi hakunyanyua macho. "Mama, nenda kanyonyeshe."

Akatoa amri asiuziwe tena mafuta kwa kopo wala kwa chupa. Mama Chupa akatoka, akachukua chaki. "Kituoni, Alhamisi: MAJI." Kwa herufi kubwa. Halafu akafanya kitu ambacho mimi, ninayejidai mtu wa kusimama na wanyonge, nisingekuwa na akili ya kukifanya. Hakupiga kelele. Hakuandamana. Aliiendesha pikapu ile taratibu, mitaa yote, kutwa nzima, tupu, bila shuka hata moja, mlango wa nyuma ukitazama watu. Sokoni. Shuleni. Mbele ya kituo cha afya. Mbele ya redio hii. Niliiona dirishani. Niliisoma namba. Nikarudi kusoma taarifa ya habari.

Breki naye aliisoma. Alikuwa amekaa juu ya boneti ya teksi yake iliyokufa. Akamsimamisha mama.

"Maji? Si spiriti?"

"Maji. Spiriti ni shahidi tu, ndiyo iliyoyaonyesha."

"Na mimi ningejuaje?"

"Una mtoto mdogo nyumbani?"

"Ninaye."

"Basi una chupa."

Mvua iliyofuata ilinyesha Jumapili. Jumatatu asubuhi, wasikilizaji wapendwa, madereva kumi na tisa waliingia kituoni, na kila mmoja ana chupa ya kunyonyea mkononi. Za kioo, za plastiki, nyingine zina picha za bata. Mwenye duka la dawa aliniambia alidhani mji umepata mapacha kwa mkupuo. Mama Chupa alikuwa amekatazwa kununua. Wao hawakukatazwa. Walijaza magari kidogo kidogo, kila mmoja akatoa kiasi kwenye tangi lake mwenyewe, wakajipanga ukutani kwa mstari, chupa zimeinuliwa juani. Kituo cha mafuta kikawa kama kliniki ya watoto siku ya kupima uzito.

Chupa kumi na tisa. Mistari kumi na tisa. Juu njano, chini nyeupe.

Mama Chupa alikuwa ameegesha ng'ambo ya barabara. Hakushuka. Breki akamwonyesha chupa yake kwa mbali, naye akainua kidole kimoja kwenye usukani, kama tunavyosalimiana barabarani.

Msimamizi alitoka nje, akaziangalia zile chupa, akarudi ndani, akafunga pampu. Tangi likachimbuliwa wiki hiyo. Mfuniko ulikuwa umepasuka, ufa unaingia vidole viwili. Kituo kikafungwa siku ishirini na moja, kikafunguliwa na rangi mpya. Kibao kikasema matengenezo ya kawaida. Hakuna aliyetaja ufa. Hakuna aliyemtaja mama.

Kituo cha afya kilimpigia simu. Si barua, simu. "Mama, mashuka yamejaa." Akaenda kuyachukua. Hakuuliza kitu.

Lakini palikuwa na kitu kimoja alikitaka, na alikuja kukidai hapa.

Nilimkuta mapokezi, kwenye benchi lile la mbao mnalokaa mkija kuleta salamu. Chupa iko mapajani, imefungwa kwenye kitambaa chake. Akanisalimu vizuri. Akasema, "Mwanangu, wewe ulisoma kwamba mafuta yangu yameua magari. Nimekuja unisomee lingine, useme hayakuua. Sitaki pole. Nataka lisomwe kama lile lilivyosomwa."

Nilipanda ghorofani kwa mkubwa wangu. Mkubwa akaniambia tangazo lile lililipiwa na kituo cha mafuta, na aliyelipia ndiye mwenye haki ya kulisahihisha. Tena akasema, "Tangazo likishasomwa limesomwa." Nikashuka ngazi. Nikamwambia mama maneno hayo hayo, nikiangalia viatu vyangu.

Akasema, "Kwa hiyo uongo una mwenyewe, ukweli wangu hauna."



Akasimama, akaisawazisha kanga yake. "Sawa. Mimi nina mashuka ya kuwahi. Wewe usisahau tu."

Sikusahau. Nina kumbukumbu ndefu, wanaonijua wanajua. Nakumbuka nani aliahidi maji ya bomba mwaka gani, na alivaa shati gani. Nimewakumbusha wakubwa mambo yao mpaka wananikwepa barabarani. Na kwa miaka tisa nilipishana na pikapu ile ya kijivu karibu kila asubuhi, namba ya chaki mgongoni, kidole kimoja kwenye usukani, nami napunga mkono. Miaka tisa nilikumbuka na sikufanya kitu. Kumbe kukumbuka si kazi. Hata jiwe la barabarani linakumbuka magari yaliyopita.

Jumamosi baada ya mazishi nilimuuliza mume wake kama aliwahi kulitaja tena lile tangazo. Mzee akasema, "Hakulitaja. Lakini kila saa saba mchana alikuwa anawasha redio. Hata akiwa chini ya gari. Nikimuuliza unasikiliza nini, ananiambia, nasikiliza kama limesomwa."

Pikapu iko uani kwao. Binti ndiye anayeiendesha sasa, na mashuka ya leo asubuhi yamechukuliwa kwa saa yake. Nilimwona akifunga mlango wa nyuma. Namba iliyoandikwa na mama Jumatatu ya mwisho bado ipo: 20. Sifuri imepinda. Nikamuuliza kama ataifuta akipima mwenyewe. Akasema ataandika yake pembeni.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mume wa marehemu, aliyemimina dumu la kwanza kwa macho na akakubali kosa lake mbele yetu sote, tunatoa pole. Kwa binti, aliyetoa chupa yake akiwa bado anaitaka, tunatoa pole. Kwa Breki na wenzake kumi na wanane, kwa dobi na wauguzi waliozoea mlio wa injini ile, poleni. Mungu ampumzishe mahali pasafi.

Na sisi tuliobaki, tutafakari. Siku ile ya daraja tope lilionekana kwenye chujio, tukailaumu spiriti. Magari yalipozimika, tukamlaumu mama. Vyote viwili viliingia sehemu iliyokwisha kuoza, vikaonyesha uozo, vikapewa kesi. Leo jioni ukirudi nyumbani, mfikirie mtu mmoja uliyemtwika kosa kwa sababu alikuwepo lilipoonekana. Usitafute mbali. Na usinitumie mimi jina lake. Mwendee mwenyewe.

Sasa ni saa saba na dakika ishirini na tano, na nina tangazo. Halijalipiwa na mtu. Mkubwa wangu hajaliona. Nimeliandika mwenyewe jana, kwa kalamu, nami nalisoma kwa sauti ile ile.

Wananchi wanajulishwa kwamba tangazo lililosomwa na redio hii miaka tisa iliyopita, kuhusu mafuta yanayochanganywa majumbani, halikuwa la kweli. Magari yalizimika kwa sababu ya maji ya mvua, yaliyoingia kwenye tangi la kituo cha mafuta kupitia mfuniko uliopasuka. Mafuta ya Mama Chupa hayakuua gari la mtu yeyote. Alikuwa na kipimo, na kipimo chake kilikuwa sahihi.

Likishasomwa, limesomwa.

Hiyo ni mara ya kwanza, mama. Zimebaki kumi na nne.